UZI: Kurudi kwenye mablanketi ya viraka baada ya kiharusi. Tulioko Kigoma na kwingine tusaidiane

#1 Bandi wa Mwanga

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Uzi huu ni wa watu waliokuwa wanashona kwa mapenzi, wakaugua, na sasa cherehani imefunikwa khanga kwenye kona ya chumba. Tupo wengi. Kuna wa kiharusi, kuna wa kisukari kilichogusa macho, kuna wa mgongo baada ya ajali ya bodaboda, kuna waliotoka kwenye upasuaji. Pita nyumba za Mwanga, Gungu mpaka Ujiji, utaziona hizo cherehani, na ndugu wameshaanza kusema iuzwe tu maana mwenyewe hawezi tena.

Kwangu kilikuwa kiharusi cha upande wa kushoto, halafu likafuata suala la mtoto wa jicho. Kabla ya hapo nilikuwa nashona mablanketi ya viraka, si biashara. Nachukua masalia ya vitenge kwa mafundi, nakata, naunganisha, na kila mtoto anayezaliwa kwenye ukoo anapata lake. Mkono wa kushoto umerudi kwa kiasi. Unashika, lakini hauhisi vizuri, na ukichoka unaachia kitu wenyewe.

Nina jambo moja ninalolisimamia, na ndilo lililonifanya nifungue uzi: ukirudi, usianze na kile ulichokiacha.

Blanketi lililobaki nusu linadai mkono ule uliolianza. Linataka bandi, ile mishono ya kupitisha sindano kwa mkono, za urefu uleule na kona zikutane vilevile. Kila mshono unaopiga unakaa jirani na wa zamani, na jicho halikosi kulinganisha. Nimeona akina mama watatu wakiishia hapohapo: wanashika kazi ya zamani siku moja, wanaiweka chini, wanasema basi, mimi na kushona tumeachana. Mkono haukuwa umeshindwa kushona. Ulikuwa umepewa kazi ya mtu mwingine. Likunje, lifunge kwenye mfuko, liweke kabatini, kisha anza dogo jipya ulilolipanga kufuata mkono ulionao leo.

Dogo kiasi gani? Kata vipande mraba vya inchi 5. Ukishona robo inchi kila upande, kipande kinabaki inchi 4 na nusu. Panga sita kwa upana, nane kwa urefu, jumla vipande 48. Unapata inchi 27 kwa 36, linatosha kabisa kumfunika mtoto mchanga. Msidanganyike na picha za vipande vidogo vya inchi mbili, vinapendeza lakini vina kona nyingi mno na mkono hauna pa kushika. Kipande kikubwa kinautendea haki mkono mgonjwa, na kitenge chenyewe kina maua makubwa, ukikikatakata sana ua linapotea.

Mambo ya vifaa, yale yaliyonisaidia:

Kutunga uzi kwa mkono mmoja. Chomeka sindano kwenye kipande cha sabuni ya mche, tundu likiangalia juu, ikae wima mezani. Sasa mkono mzima uko huru kuingiza uzi. Weka karatasi nyeupe nyuma yake kama uzi ni mweusi, nyeusi kama uzi ni mweupe. Sabuni pia inaifanya sindano iteleze kwenye kitambaa kigumu.

Pini achana nazo. Mkono usiohisi unachomwa na wewe hujui mpaka uone damu kwenye kitambaa. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Ukishindwa kuvibana kwa mkono mmoja, weka vipande mezani na uvikandamize kwa pasi ya baridi isiyo na makaa.

Na pasi yenye makaa vilevile, muachie mwenzako. Mshono unaweza kuulaza kwa ukucha au kwa kuuviringishia chupa. Mkono wenye ganzi ukigusa chuma cha moto hauondoki haraka.

Kukata ndiko kugumu kuliko yote. Laza kitambaa mezani, mkasi nao ulaze, ule wembe wa chini usiinuke juu ya meza. Chora mistari kwa chaki na futi kabla ya kukata hata kipande kimoja. Kama kuna mtoto wa shule nyumbani mwenye mkono mtulivu, mpe akate, wewe uchague rangi. Kuchagua rangi na kuzipanga ni kazi nzima, tena ndiyo niliyoikosa sana nilipokuwa kitandani.

Karibuni mseme yenu.

#2 Mjukuu wa Ujiji

Shikamoo mama. Umenigusa sana. Bibi yangu naye upande wa kushoto, na alikuwa anashona mashuka na foronya mtaa mzima unajua. Cherehani yake ni ile ya mkono, ya kuzungusha. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto ndio unatakiwa uongoze kitambaa, na huo ndio hauwezi. Amejaribu mara moja kitambaa kikaenda upande, akalia. Tumnunulie nyingine au tufanyeje?

#3 Bandi wa Mwanga

Marahaba mwanangu. Mpe bibi pole yangu, mwambie yuko mwenzake Mwanga.

Msikimbilie kununua. Cherehani ya mkono ina faida moja kubwa kwenu: inaendeshwa na watu wawili. Wewe kaa kulia kwake, zungusha mpini taratibu, yeye aongoze kitambaa kwa mkono wa kulia. Akisema simama, simama hapohapo. Bibi ndiye fundi, wewe ni mota yake, na mota haimfundishi fundi. Mtazoeana.

Kama baadaye mtapata ya miguu, na mguu wake wa kulia una nguvu, mguu mmoja unaweza kusukuma. Anauweka katikati ya pedali, gurudumu analianzisha kwa mkono wa kulia, likishachanganya mkono unahamia kwenye kitambaa. Gurudumu lisirudi nyuma, likirudi uzi unajisokota chini. Na avae kandambili zenye soli nzito, hasa kama ana kisukari, maana sindano iliyoanguka chini haionekani na kidonda cha mguu si cha kuchezea. Ya umeme ni nyepesi kuliko zote, pedali yake inakaa chini ya mguu mzima, ila inakimbia. Kwa mkono uliotoka kuugua mwendo ule unatisha, aanze na hiyo ya mpini.

Mkono wa kushoto usiachwe unaning'inia. Mwekee mto mezani, mkono ulale juu yake, na kiganja kikae juu ya kitambaa kama uzito tu. Hata usipovuta, upo kazini.

#4 Mama Kasulu

Dada Bandi, habari za huko ziwani. Nimesoma yote, mengi nakubaliana nawe, ila hilo la kutogusa kazi ya zamani napinga.

Mimi niliumwa mgongo mpaka nikafanyiwa upasuaji. Nilikuwa nimeacha blanketi kubwa la kitandani, na huku kwetu unajua, Kasulu si Kigoma mjini, mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Lile blanketi tulikuwa tunalihitaji. Nililirudia, na mishono ya zamani na ya sasa haifanani, mtu yeyote anaiona. Mimi naipenda hivyo. Naonyesha mahali: hapa nilikuwa mzima, hapa nimetoka hospitali. Ningelificha kabatini ningehisi nimemzika yule niliyekuwa.

#5 Bandi wa Mwanga

Mama Kasulu, salama dada yangu, na asante kwa kupinga kwa hoja.

Tofauti yetu naiona iko kwenye kiungo kilichougua. Wewe mgongo ndio uliokuzuia kukaa, mikono yako iliendelea kujua kazi. Mtu wa kiharusi, mkono wenyewe ndio umesahau. Wewe ulirudi kwenye mazungumzo uliyoyakatisha, sisi tunajifunza kusema upya. Kwa hiyo sikatai kwamba limaliziwe. Nakataa liwe la kwanza. Langu nimelimaliza pia, lakini baada ya madogo kadhaa, na nilipolifungua sikuliogopa tena.

Halafu kwa anayeumwa mgongo, hilo la kitanda zima lilivyo zito, ulilibebaje kwenye cherehani? Waeleze wenzetu, maana hapo wengi wanakwama.

#6 Mama Kasulu

Sikulibeba. Nililigawa mistari minne kwa urefu, nikamaliza kila mstari peke yake, juu, kati na bitana, halafu mwisho nikaiunganisha kwa utepe wa kitenge mbele na nyuma. Uzito unakuja siku ya mwisho tu. Na meza ya pili nyuma ya cherehani ipokee kitambaa, kisining'inie, maana kinachovuta mgongo ni kile kinachoanguka upande wa pili. Kiti kiwe na mgongo, na saa ya ukutani iwe mbele yako. Nusu saa unasimama, hata kama umebakiza kipande kimoja.

#7 Muuguzi Mstaafu

Niongeze upande wangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi.

Anachofanya Bandi kina maana kitabibu. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi hairudi, lakini sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi zake, na zinajifunza kwa kurudiarudia tendo lenyewe. Kufinya mpira ni vizuri, ila mkono unaotaka kushona unajifunza zaidi kwa kushona. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka. Baada ya hapo kasi inapungua, lakini anayeendelea kufanya mazoezi anaweza kuendelea kupata nafuu, kwa hiyo yule aliyeugua muda mrefu uliopita asijitoe.

Uchovu baada ya kiharusi ni ugonjwa, si uvivu. Ndugu mliopo nyumbani lielewe hili. Mtu anaweza kushona robo saa akahitaji kulala. Msimwambie mbona jana uliweza.

Bega la upande uliopooza lisivutwe. Msimwinue kwa kumshika mkono huo, wala asinyooshe mkono juu kufuata uzi mrefu. Kata uzi mfupi, usizidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Na dawa za presha usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukishindwa kuinuka, maneno yakikwama, ni hospitali saa hiyohiyo. Najua kuna nyumba watasema ni majini, wataanza kuzunguka kwa waganga. Kila saa inayopita ubongo unaendelea kufa. Pelekeni hospitali kwanza.

Kama daktari amekupa dawa ya kulainisha damu, ukijichoma kandamiza kwa kitambaa safi muda mrefu kidogo, itachelewa kukata.

#8 Fundi wa Kibirizi

Mama Bandi shikamoo. Mimi ni fundi nguo, kila wiki nafagia masalia ya vitenge mfuko mzima, mengine tunawashia moto wa mkaa. Nimesoma uzi huu nikaona aibu kuvichoma. Anayehitaji aseme, nitavitenga.

Ila nashauri viloweshwe kwenye maji ya chumvi kwanza rangi ikamate, maana vitenge vya siku hizi vinatoa rangi.

#9 Bandi wa Mwanga

Marahaba kijana wangu, Mungu akubariki kwa hiyo mifuko. Tutengee vile virefu virefu vinavyobaki pembeni ya gauni, hata vyembamba, na vya shingo vilivyopinda usitupe.

Kuhusu chumvi, tumelelewa nayo wote, lakini kitenge kikishatoka kiwandani chumvi haikamatishi rangi yake. Kinachosaidia ni kuosha kabla ya kukata, mara moja au mbili, kila rangi nzito na maji yake. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua kwenye kitenge. Kikichafuka, osha tena au kitumie pamoja na vya rangi nzito wenzake. Kuosha kunatoa pia ule wanga unaokifanya kisimame kama karatasi, na sindano ya mkono inapita kirahisi, jambo kubwa kwa mwenye vidole dhaifu. Vingine vinajikunja vikioshwa, bora vijikunje kabla havijaungwa.

Na tafadhali vya satini na vya kuvutika vitenge pembeni. Mkono mgonjwa hauviwezi, vinakimbia.

#10 Tabora Juu

Habari wakuu. Naandika kutoka Tabora, mimi ni mwanaume, msinishangae. Nilipata ajali, mkono wa kulia ukavunjika vibaya, vidole viwili havikunji. Marehemu mama alikuwa anashona haya mablanketi na mimi nilikuwa namsaidia kupanga vipande tangu mdogo. Sasa nipo nyumbani muda mwingi na nimetoa vitambaa vyake.

Maswali yangu mawili. Katikati tuweke nini? Huku kuna misufi, sufi ipo ya bure. La pili, mishono yangu kwa mkono wa kushoto ni mirefu na imepinda kama njia ya mbuzi. Inafaa kweli kumpa mtu kitu kama hicho?

#11 Bandi wa Mwanga

Karibu sana kaka yangu, wala hakuna wa kukushangaa, mafundi cherehani wa miji yetu wengi ni wanaume. Pole kwa mama na pole kwa mkono.

Sufi iache kwa mito. Kwenye blanketi inatembea, ukiliosha mara mbili inakusanyika kwenye kona na katikati panabaki tupu. Weka blanketi kuukuu lililochoka lakini halijachanika, au khanga mbili tatu za zamani zilizolainika. Kwa hapa mjini na joto la ziwani mimi mara nyingi naweka khanga moja tu. Ya kupeleka Kasulu au Manyovu ndiyo naitia blanketi.

Swali lako la pili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalofunga cherehani nyingi.

Kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kwenye kona ya mto kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi wa pale, wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi za shambani, magunia, chochote. Mistari imepinda, vipande havilingani, na walishona ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Houston na kisha la Whitney huko New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatia kwenye stempu. Watu walisimama mbele ya ile mistari iliyopinda wakaitazama kwa heshima. Sikuambii hivi ili upeleke lako makumbusho. Nakwambia kwamba mshono uliopinda, ukishikilia kitambaa, umekamilisha kazi yake, na mtu atakayepewa atalijua blanketi lako kwa huo huo.

Na ipo njia inayofaa mno kwa mkono mmoja. India, jimbo la Karnataka, kuna Wasidi. Ni watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walipelekwa huko na wafanyabiashara wa Kiarabu na Wareno. Wanawake wao wanashona blanketi liitwalo kawandi, bila cherehani. Wanatandaza kitambaa kikubwa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia kwenye kona, wanaweka kipande, wanakunja ukingo wake kwa ndani, wanakishona kwa bandi moja kwa moja hadi chini. Kisha kinafuata kingine kinachopandia kidogo cha kwanza. Wanazunguka pembezoni, wanaingia ndani duru kwa duru, mpaka wanafika katikati na kuliziba tundu la mwisho.

Angalia faida zake. Huunganishi vipande kwanza halafu uanze tena kushona matabaka, vyote vinakwenda pamoja. Vipande havihitaji kulingana, kwa hiyo mkasi uliopinda si hasara. Kitambaa kimelala mapajani au juu ya mkeka, uzito wake wenyewe unakishikilia. Na bandi ndefu ndiyo sura yake, zikifuatana duru kwa duru zinatengeneza mawimbi mazuri kuliko mshono wa mashine. Mimi tangu niijue njia hii nimeshona zaidi kwa mkono kuliko kwa cherehani.

Subana usisahau, ile kofia ya kidole. Ikikosekana, zungushia kidole cha kati plasta ya kitambaa matabaka mawili.

#12 Tabora Juu

Dada asante sana. Nimeanza na kona moja, vipande vya magauni ya mama. Inakwenda. Bandi zangu ni za sentimita moja, lakini sasa zinafuatana.

#13 Mjukuu wa Ujiji

Mama Bandi, bibi ameshona na mimi nikizungusha. Alinigombeza siku nzima kwamba naenda mbio, na sisi nyumbani tulifurahi kumsikia anagombeza. Sasa amesikia habari za Wasidi, anataka hiyo. Anauliza zile kona nne wanazimalizaje, maana kitambaa kikioshwaoshwa kona ndizo zinaanza kuchanika.

#14 Bandi wa Mwanga

Mwambie bibi ameuliza swali la fundi hasa.

Wasidi wanaweka kwenye kila kona vipande vidogo vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, kimoja juu ya kingine, wanaviita maua, na blanketi lisilo nayo kwao bado liko uchi. Achukue kipande cha mraba cha inchi 3, akikunje mara mbili kwa mshazari kiwe pembetatu nene, ncha itokeze nje ya kona, upande wa chini uingie kati ya bitana na kipande cha juu. Apige bandi mara tatu mahali palepale. Hapo kona ina matabaka ya kutosha, haichaniki haraka.

Kwa mkono wake wa kushoto, wewe mkunjie hizo pembetatu zote jioni, uzibane kwa vibanio, umwekee kwenye sahani upande wa kulia. Rangi achague mwenyewe. Fundi wa Kibirizi ana mfuko wa vipande vyekundu na vya njano, pitia kwake, mwambie ni vya bibi wa Ujiji.